Mama Waziri, Utuandike na Sisi: Barua ya Wazi kutoka Itebero

Kwa Mheshimiwa Mama Waziri wa Nchi,
Waziri wa Elimu ya Taifa na Uraia Mpya,
Kinshasa

Kuhusu: ombi la kuandikwa kwa walimu mbadala

Mheshimiwa Mama,

Kabla ya neno lolote naomba uniwie radhi kwa kuuchukua muda wako, ambao najua unadaiwa na shule nyingi za nchi kubwa kama yetu. Nakusalimu kwa niaba yangu na ya nyumba yangu. Nakusalimu pia kwa niaba ya watoto wa darasa la pili, ambao waliposikia kwamba mwalimu wao anamwandikia Mama wa shule zote walisimama wote pamoja, kama wanavyosimama mgeni akiingia, wakasema nikufikishie salamu zao. Direkta wetu ameisoma barua hii na ameniruhusu kuituma. Nisingethubutu kuandika bila yeye kujua.

Kwa ruhusa yako nijieleze. Mimi ni mwalimu mbadala: mtu anayeshika chaki pale mwenye darasa anapojifungua, anapougua, anapokimbia risasi au anapokwenda kufuata mshahara na njia ikafungwa nyuma yake. Nafundisha Itebero, wilaya ya Walikale, kwenye barabara ya taifa namba 3, ile inayotoka Bukavu, ikapita Hombo na kuingia msituni kuelekea Walikale-kati, kisha Lubutu na Kisangani. Barabara ni jina lake la kwenye ramani. Masika yakikolea, lori huweza kuzama kwenye tope mpaka dereva akaanza kufahamiana na majirani. Walikale ni wilaya ya zaidi ya kilomita za mraba 23,000, inakaribia ukubwa wa Rwanda nzima, na sehemu yake kubwa ni msitu. Nakueleza haya, Mheshimiwa, si kwa kudhani kwamba huyajui, bali uelewe kwa nini mwalimu mmoja akikosekana hapa hakuna ofisi ya karibu inayoweza kumtuma mwingine kesho yake.

Nilizaliwa upande wa Ufamandu, kusini-magharibi mwa Masisi, na huko ndiko nilikoanza kufundisha baada ya kupata diploma ya Serikali katika ualimu. Vita vilitutoa. Naomba nisivisimulie, kwa sababu habari zake zilishafika mezani pako mara nyingi, na kwa sababu si vita vilivyonifanya nikuandikie. Ninachotamani ukijue ni namna tulivyopokelewa.

Katika Walikale wengi waliokimbia vita hawalali kambini, wanalala katika nyumba za watu. Mzee aliyetufungulia mlango alimwonyesha mke wangu chumba, akamwonyesha jiko, kisha akasema habari ya shamba tutaizungumza kesho. Na kweli kesho yake tuliizungumza. Tulikuwa hatujajua hata jina la kapita wa kijiji, tayari tunaonyeshwa mahali pa kupanda muhogo.

Wiki ile ile direkta wa shule ya msingi akasikia kwamba miongoni mwa waliofika yumo mtu aliyewahi kufundisha. Alikuja mwenyewe jioni. Mwalimu wa darasa la nne alikuwa amejifungua, na watoto wake walikuwa wanakaa pamoja na wa darasa la tano, mwalimu mmoja akiugawa ubao kwa mstari wa chaki katikati, upande huu hesabu za nne, upande ule hesabu za tano. Direkta hakuniahidi pesa. Alinieleza wazi kwamba hana mahali pa kuzitoa. Akaniuliza kama naweza kuja asubuhi.

Naomba nikae kidogo juu ya yule mama mwalimu aliyejifungua, kwa kuwa ndiye aliyenifundisha ukaribisho wa mwalimu kwa mwalimu ulivyo. Alinipokea kwake, mtoto akiwa kifuani, akanifungulia jurnali yake ya darasa na fishi za maandalizi, ukurasa kwa ukurasa. Halafu akaanza kuniambia yasiyoandikwa. Huyu haoni vizuri, akae benchi la mbele. Huyu anatoka ng'ambo ya mto, siku za mvua asiadhibiwe kwa kuchelewa. Huyu alifiwa na baba, usimwulize mbele ya wenzake baba yako anafanya kazi gani. Huyu anajua kusoma lakini anaogopa sauti yake. Kwa saa moja alinikabidhi watoto wake. Asubuhi nilipoingia darasani nilikuta majina yangu mawili yameandikwa ubaoni kwa mwandiko wake: alikuwa amempa mmoja wa watoto karatasi ili ayanakili vizuri.

Mheshimiwa, nimewahi kushika darasa la mtu mahali pengine pia, nisipopenda kupataja. Huko nilikuta kabati la vitabu limefungwa na ufunguo umekwenda na mwenyewe, na siku ya mkaguzi niliombwa nikae nyuma ya jengo hadi atakapoondoka, kwa sababu jina langu halikuwa kwenye orodha yoyote. Silisemi hili kwa kinyongo. Shule ile ilikuwa na hofu zake. Nalisema ili uone kwa nini Itebero imenigusa: hapa mkaguzi alipofika, direkta alinitambulisha kwake kabla ya kunywa maji.

Mama yule alipomaliza likizo nilidhani safari yangu imekwisha. Lakini mwaka 2025 ulikuwa umetuingilia. Goma ilianguka mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari, Bukavu katikati ya Februari, na benki za miji ile zikafunga milango. Baadhi ya walimu waliokuwa wakiufuata mshahara mjini walijikuta upande wa pili wa mapigano. Tarehe 19 Machi M23 waliingia hata Walikale-kati, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Kila njia ilipofungwa, kulikuwa na darasa mahali fulani lisilo na mtu mbele yake. Nikahamia darasa la pili, na ndilo ninalolishika hadi leo.

Tarehe 30 Aprili ya mwaka ule, Siku ya Taifa ya Elimu, mizigo ya watu wengi ilikuwa bado imefungwa pembeni ya vitanda. Direkta aliuliza kama sikukuu iahirishwe. Wazazi walikataa. Watoto waliandamana kutoka shuleni hadi kwa kapita na kurudi, wakiimba, na walipomaliza walimu waliitwa mbele kwa majina wapokee zawadi zao: sabuni, chumvi, ndizi, kuku mmoja kwa mwalimu mkongwe kuliko wote. Nilikuwa nimesimama na wazazi. Jina langu likasomwa. Halikusomwa mwishoni, na halikuongezewa neno lolote. Lilisomwa katikati, kwa mpangilio wa madarasa, mwalimu wa darasa la pili. Mama Waziri, nimekaa miaka katika kazi hii, na sikuwahi kusimama katika mstari ule.

Wenzangu wanaolipwa wamefanya zaidi. Mshahara unapofika, kila mmoja hutenga kidogo kwa ajili yetu tusio na jina, kama watu wa likelemba, ule mchango wa zamu, isipokuwa zamu yetu haidaiwi. Ninajua mshahara wa mwalimu wa Kongo ni kiasi gani, na ninajua yule anayetoa sehemu yake anawaachia nini watoto wake. Hakuna aliyewalazimisha, na hakuna anayenikumbusha.

Nao wazazi? Walifanya mkutano kuhusu habari yangu, na naomba nikueleze kilichosemwa, kwa sababu kitakufurahisha. Mwenyekiti wa komite ya wazazi alisimama akasema kwamba elimu ya msingi ni bure, kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hivyo, Rais wa Jamhuri alikitekeleza Septemba 2019, na Itebero haitarudisha prime ya walimu, ile michango ya wazazi, kwa jina jingine. Wote wakakubali. Kisha akasema hakuna sheria inayomkataza jirani kumlimia jirani. Tangu siku ile, mara moja moja, wazazi hufanya salongo kwenye shamba langu. Wanafyeka, wanapanda muhogo na ndizi, wanarudi makwao. Wamama huniletea sombe na mafuta ya mawese, na hawamtumi mtoto kuleta, wanaleta wenyewe, ili mtoto asije akadhani ananunua alama.

Wewe, Mheshimiwa, unaijua historia hii kuliko mimi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, mshahara wa Serikali ulipokuwa hautoshi hata sabuni, wazazi wa nchi hii waliwabeba walimu mgongoni kwa karibu miaka thelathini. Watoto wengi, hasa wasichana, walibaki nyumbani kwa kukosa michango. Uamuzi wa 2019 uliwatua wazazi mzigo huo, na mimi ni shahidi kwamba uliwaleta darasani watoto ambao wakubwa zao hawakuketi kamwe kwenye benchi. Kwa hilo nakushukuru wewe na waliokutangulia, kwa moyo wangu wote. Aksanti sana. Aksanti kweli kweli.

Lakini, kwa heshima zote ninazoweza kuzikusanya, naomba niseme kwamba mzigo ule umeanza kurudi kwa wazazi wa Itebero, polepole na kwa upendo wao wenyewe. Wanafunzi wameongezeka, walimu wanaolipwa hawakuongezeka kwa kasi hiyo, vita vimewatawanya wengine, na pengo linazibwa na watu kama mimi. Shamba langu linalimwa na watu ambao mashamba yao yanawasubiri. Ninakula jasho la mama ambaye bei ya chumvi humsumbua kila siku ya soko. Ukarimu wao ni mkubwa, na ndiyo sababu siwezi kuendelea kuupokea nikiwa nimenyamaza.

Kuna siku moja darasani ambayo ningependa uisikie. Sheria-msingi ya elimu ya Februari 2014 inataka madarasa ya mwanzo yafundishwe kwa lugha za taifa, na kwetu ni Kiswahili. Basi nikataka watoto wasikilize hadithi ndefu kwa Kiswahili. Kitabu cha kusomea kilikuwa kimoja kwa darasa zima. Nikamwomba mzee mmoja, Mnyanga, aje atusimulie Mwindo. Utenzi ule ni wa watu wa msitu huu. Mwaka 1969 ulichapishwa ng'ambo na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, msomi wa Kinyanga ambaye baadaye aliongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika kule Kampala. Watoto wa Itebero hawajawahi kukiona kitabu hicho. Mzee hakuhitaji kitabu. Alikuja na fimbo yake, akakaa kwenye kiti changu, akasimulia mpaka kengele ikapigwa na hakuna aliyetoka.

Alifika pale Shemwindo, baba wa Mwindo, alipomkataa mwanawe, akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa majini. Naye Mwindo akasafiri ndani ya maji hadi kwa shangazi yake Iyangura, ambaye aliipasua ngoma akamtoa. Msichana mmoja, ambaye kwa kawaida huogopa kuulizwa, akanyoosha mkono. Akauliza: baba yake alijua yuko wapi? Mzee akamjibu kwamba alikuja kujua. Msichana akauliza tena: na alimwita? Mzee akasema subiri, hadithi bado. Na siku ya pili aliendelea, mpaka pale baba na mwana wanapopatana na kukaa pamoja mbele ya watu.

Mheshimiwa Mama, swali la msichana yule, kama aliitwa, ndilo langu pia. Ombi langu ni dogo na sitalificha katika maneno mengi. Naomba tuandikwe.

Mwalimu asiyelipwa ana alama yake katika orodha zetu: kuna N.P., yaani wasiolipwa, kuna N.U., yaani walioajiriwa karibuni, kuna wanaongojea matrikuli kutoka DINACOPE, ofisi ya mishahara ya walimu, kwa miaka, na wao wana madai yao ambayo ni ya haki na ambayo sitaki kuyaruka. Mwalimu mbadala hana hata herufi hizo mbili. Akimaliza kushika darasa hakuna karatasi inayosema alikuwapo. Nafasi ikitokea katika shule ile ile, jina linaweza kutoka mbali, la mtu mwenye karatasi nzuri ambaye hajawahi kuvuka Hombo, naye akiliona tope la masika anarudi alikotoka, na darasa linabaki tena wazi. Hii si lawama kwa ofisi yoyote. Ofisi haiwezi kumhesabu mtu ambaye haikuambiwa kwamba yupo.

Kwa hiyo ningekuomba, kama itakupendeza, uagize kila shule ya msingi iwe na daftari moja la walimu mbadala. Direkta aandike jina, diploma kama ipo, darasa, siku ya kuanza na siku ya kumaliza, na kwa nini mwenye darasa hakuwapo. Mwenyekiti wa komite ya wazazi atie sahihi pembeni ya direkta, kwa sababu mzazi anajua ni nani aliyemfundisha mwanawe na hawezi kudanganywa na jina hewa. Mkaguzi akipita aweke mhuri. Na nafasi ikitokea, muda ulioandikwa mle uhesabiwe kama utumishi, na mtu aliyelishika darasa aulizwe kwanza kabla ya kutafutwa mgeni. Daftari la aina hii linauzwa hata kwenye soko letu.

Na kama wema wako unaweza kufika mbele kidogo, naomba walimu mbadala waalikwe katika mikutano ya mafunzo ya shule jirani. Sasa tunabaki darasani wenzetu wakienda, na si kila mmoja wetu ana diploma. Wengine ni vijana waliomaliza sekondari jana na wanafundisha kwa kukumbuka walivyofundishwa. Jirani zetu wa Tanzania walikutana na shida kubwa kuliko hii. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, Mwalimu Nyerere alipotaka watoto wote waingie shule ifikapo 1977, walimu hawakutosha, na nchi ile ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawafundisha ualimu vijijini kwao huku wakifundisha, kwa masomo ya posta, kwa redio na kwa walimu wakongwe waliowasimamia. Waliitwa walimu wa UPE, yaani wa elimu ya msingi kwa wote, makumi ya maelfu yao. Kulikuwa na mapungufu, na Watanzania wenyewe wameyazungumza sana. Lakini kijana aliyekuwa tayari mbele ya watoto hakuachwa ajifunze peke yake gizani.

Naomba pia, na hapa nasema kwa niaba yangu tu, kwamba kama siku moja jina langu litaandikwa, liandikwe hapa. Wengine wanaomba wapelekwe mjini, na wana sababu zao. Mimi nimepewa shamba Itebero, mke wangu yumo katika likelemba ya wamama wa kijiji, na mwanangu mdogo anaongea Kinyanga kuliko Kihunde cha bibi yake. Amani ikirudi Ufamandu nitakwenda kuwasalimu wazee wangu na kulitazama kaburi la baba. Halafu, Mungu akipenda, nitarudi kabla likizo haijaisha.

Najua kwamba barua hii inaweza kuchukua muda mrefu kufika, kwa pikipiki hadi Walikale-kati na kutoka pale kwa mkono wa msafiri yeyote mwaminifu. Kama jibu litakuwa gumu kutolewa mara moja, naomba usisumbuke kwa ajili yangu mimi. Lakini kama utapenda kumtuma mtu ajionee, direkta anasema milango iko wazi, na komite ya wazazi inasema mgeni wako atalala nyumba yoyote atakayoichagua. Jurnali yangu ya darasa iko tayari kukaguliwa, ikiwa imeandikwa hadi juma hili.



Mimi wako mtiifu,
Mwalimu mbadala wa darasa la pili,
Itebero, Walikale, Kivu ya Kaskazini

Nakala kwa taarifa:
– Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Kivu ya Kaskazini, Beni
– Ofisi ya elimu ya wilaya ya Walikale
– Direkta wa shule na mwenyekiti wa komite ya wazazi
– Kapita wa kijiji
– Mama mwalimu wa darasa la nne
– Walimu mbadala wote wa Walikale na Masisi, popote walipo